Katika Faili Hakuna

Mapenzi ya hotelini hutayaona ufukweni wala vyumbani. Utayaona kwenye chakula cha wafanyakazi. Miaka yote niliyokuwa afisa wa wafanyakazi katika hoteli moja ya Diani, nilikuwa nikiingia kantini yetu saa saba mchana, natupa jicho mezani, na kabla sijaketi nimeshajua nani anampenda nani. Ishara yenyewe ilikuwa sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Mtu akiwa zamuni, hawezi kuja kula kwa wakati, basi mwenzake humwekea wali, akamchagulia kipande cha samaki chenye nyama, akafunika, akakaa akilinda. Huwezi kumlindia mtu sahani kila siku ya Mungu kisha uje uniambie ni rafiki tu. Ala! Mie si mtoto.

Sahani ninayotaka kuisema ilikuwa ya msichana mmoja mhudumu wa mkahawani, mwenyeji wa Mwabungo. Mamake nilisoma naye chuoni tukiwa wadogo, tukikariri juzuu moja na kuchapwa kwa kifimbo kimoja. Kwa hivyo mtoto yule aliponiita mama, hakuwa akiniita kwa adabu tu. Mimi ndiye niliyepokea maombi yake ya kazi. Mimi ndiye niliyemtafutia sare yenye mikono mirefu, kwa kuwa zile walizomletea zilikuwa fupi na yeye akaona haya kusema. Alikuwa mtoto wa kusema kidogo, na kazi yake safi. Watalii wakimwaga chai kwenye kitambaa cha meza, kabla hawajamaliza kuomba radhi yeye ameshatandika kingine.

Aliyekuwa akimfunikia sahani ni kapteni wao. Kapteni, kwa wasiojua hotelini, ndiye mkubwa wa wahudumu, na ndiye anayepanga zamu zao katika karatasi inayoitwa rota. Mwanamume wa makamo, mcheshi, mwenye sauti nzuri ya adhana, mke na watoto wake wako Mkongani. Wote tuliona zile sahani. Wote tukasema moyoni, dini inamruhusu, pengine ataoa wa pili, tukanyamaza tukingojea kuitwa halwa. Hakuna aliyemwuliza yule msichana lolote. Hata mimi sikumwuliza, na nilikuwa nalipwa kuuliza.

Tena usidhani hatukufundishwa. Mwaka huohuo wenye hoteli walituletea mwanasheria kutoka Mombasa, akatuketisha ukumbini asubuhi nzima na kutueleza habari za mapenzi kazini. Watu walikuja wamejipamba, jamani, kama waliokuja kusikiliza taarabu. Mwanasheria akasema mapenzi si kosa, lakini mkubwa akimpenda anayempangia kazi, hapo hoteli iko hatarini. Maana siku mapenzi yakiisha, kila zamu mbaya, kila likizo iliyokataliwa, kila mkataba usioendelezwa, utaonekana kuwa ni kisasi. Na anayeshtakiwa si yule bwana peke yake, ni mwajiri wake.

Mpishi mmoja akainua mkono. "Sasa mwajiri ataadhibiwaje kwa kitu asichokiona? Yeye alikuwepo?"

"Ndilo swali atakalouliza jaji," mwanasheria akajibu. "Mwajiri alijua? Na alipojua, alifanya nini? Sasa, mwajiri hana masikio yake mwenyewe. Masikio yake ni huyu mama hapa." Akaninyooshea kidole. "Ukimwambia yeye, umeiambia hoteli. Kwa hivyo, mama, ukiambiwa, andika. Neno lisiloandikwa mahakamani halipo."

Ukumbi mzima ukacheka, wakaniita Masikio juma zima. Nami nikafurahi, nisidanganye. Nikachapisha ule mwongozo, nikamtaka kila mtu atie sahihi, nikaubandika ubaoni karibu na orodha ya chakula ili wauone kila siku. Nilijiona mtu wa maana.

Haukupita muda, sahani zikaacha kufunikwa. Msichana akawa akija kula akiwa wa mwisho, wali umeshapoa, anaketi pembeni na kula haraka. Nikaichungulia rota. Lo! Mtoto alikuwa amepangiwa zamu ya kukata wiki nne mfululizo. Zamu ya kukata ni hii: unaingia alfajiri kuhudumia chai ya asubuhi, unaachiwa saa nne, unarudi jioni kwa chakula cha usiku. Mtu anayekaa Mwabungo, mchana huo kwenda nyumbani na kurudi ni nauli na uchovu, basi hukaa nyuma ya jiko akisinzia kwenye kreti za soda. Na siku ya kupumzika akapangiwa Jumatano, hata Ijumaa moja asipate. Nikaona. Nikajiambia, wamekosana, watapatana.

Siku moja mchana akanifuata nyuma ya dobi, pale panapofuliwa nguo za hoteli, nilipokuwa nimekwenda kuhesabu sare. Kulikuwa na mashuka yamening'inia kambani, na yeye akasimama katikati yake ili asionekane na mtu wa jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Akatoa barua chini ya aproni, karatasi mbili za daftari zilizokunjwa mara nne, akanitia mkononi na kuufumba mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Isome mama. Ndani nimeeleza yote. Nimeiandikia hoteli."

Nikaisoma palepale. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa kuviringa, bila kosa. Ukurasa wa kwanza alisema kweli tupu, kwamba alimpenda yule bwana, hakulazimishwa, aliahidiwa ndoa na akaamini, na mahali walipokwenda mara mbili. Ukurasa wa pili alieleza jinsi alivyotambua kwamba ndoa ni maneno ya kinywani, akamwambia basi, na tangu siku hiyo bwana huyo amekuwa akimfuata stoo na kumwambia, "Ukiwa mpole, rota nayo itakuwa pole." Mara moja alimshika mkono mpaka glasi zikaanguka, na zile glasi akaandikiwa yeye kuwa amezivunja. Mwisho aliandika: "Simchukii. Naomba hoteli inisaidie nifanye kazi yangu kwa amani."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nataka lieleweke, maana ni kosa ambalo mtu wa bara asingelifanya. Mtu wa bara angepiga muhuri, akaitia barua katika faili, akaenda zake kula. Mimi ni mtu wa huku. Nimelelewa nikiambiwa jambo la aibu likiingia nyumba ya mtu, kazi ya mkubwa ni kulisitiri. Tena nilikuwa najua jambo jingine, nilidokezwa na mamake mwenyewe: posa ilikuwa imeshaletwa. Kijana wa Msambweni, fundi wa injini za boti, watu wazuri. Na karani wangu wa faili kwao ni Msambweni, mtaa mmoja na hao waposaji. Barua ile ingeingia kabatini saa tisa, ingekuwa Msambweni kabla ya Magharibi, na ambacho kingefika huko ni ukurasa wa kwanza. Wa pili nani angeujali?

"Mwanangu," nikamwambia, "hii ikiingia ofisini, imekwenda. Huiwezi tena. Niachie mimi. Nitaimaliza kwa njia yetu."

"Lakini mama, yule mwanasheria alisema iandikwe."

"Mwanasheria hakuletewa posa. Wewe umeletewa."

Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Haya mama. Wewe unajua." Nikaitia barua katika mkoba wangu, chini kabisa, na jioni nikaipeleka nyumbani na kuiweka ndani ya kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wangu. Wallahi nilidhani nimemtendea wema. Nililala usingizi mzuri.

Ijumaa iliyofuata nikawaita nyumbani kwangu baada ya swala ya Alasiri. Kapteni alikuja na ami yake, msichana akaja na mjomba wake. Nikatandika mkeka, nikapika kahawa, nikaagiza halwa ya maana. Wanaume wakazungumza mvua, wakazungumza bei ya mbolea, wakazungumza maiti aliyezikwa juzi. Halafu ami akakohoa na kusema kijana wake "ameteleza ulimi", na mjomba akasema "vijana ndio hao", na kapteni, akitazama kikombe, akasema kama kuna aliyemkosea anaomba radhi. Kama kuna! Msichana alikuwa ameketi upande wa mlango wa jikoni, ushungi umemshuka usoni, na hakuna aliyemwuliza kama ameridhika. Mimi nilikuwa nikimimina kahawa.

Kisha tukasoma Fatiha. Anayejua desturi zetu anajua maana yake. Jambo likishasomewa Fatiha limefungwa. Halirudiwi, halitajwi, halikumbushwi, na atakayelifufua ndiye mbaya. Tukainua mikono, tukasoma, tukajipangusa nyuso, na mjomba akala kipande kingine cha halwa. Nikaona nimeokoa watu watatu kwa sinia moja.

Rota ikawa nzuri, nakiri. Mwezi mzima mtoto alipata zamu za asubuhi na Ijumaa zake. Akaanza hata kucheka. Mimi nikajipongeza, tena kwa sauti, mbele ya mume wangu: "Wanasheria wao wataweza wapi haya?"

Halafu mvua za masika zikaja. Hoteli zetu mvua zikija hufunga nusu ya vyumba, na wenye mikataba ya msimu huambiwa wakapumzike hadi waitwe. Kuitwa kwenyewe ni kwa orodha, na orodha ya wahudumu huiandika kapteni. Mvua zikakatika, wageni wakarudi, watu wakaitwa. Nikapokea orodha nikaisoma mara mbili. Kila mhudumu alikuwemo, hata yule mmoja mlevi aliyemwagia mgeni supu. Jina la yule msichana halikuwemo.

Nikamfuata kapteni mkahawani, anapanga uma. "Bwana, kuna mtu umemsahau."

"Sikumsahau, mama. Nafasi zimejaa."

"Usinichezee! Unajua na mimi najua. Hiki ni kisasi."

Akaweka uma chini taratibu, akanitazama kwa upole kabisa, upole uliokuwa ukiniudhi kuliko matusi. "Kisasi cha nini, mama? Kuna lalamiko? Si tulisoma Fatiha nyumbani kwako? Wewe mwenyewe mtu mzima unataka kufufua jambo lililosomewa?"

Hebu fikiria, ile kamba niliyoisokota mimi mwenyewe ili kumfunga yeye, alikuwa amenifunga nayo. Ningeweza kwenda kwa meneja siku ileile. Barua nilikuwa nayo. Lakini kwenda kwa meneja ni kumwambia nilipewa barua miezi mitano iliyopita nikaificha nyumbani. Nikarudi ofisini na kupiga muhuri kwenye orodha.

Msichana alikuja kuniuliza mara mbili. Mara ya kwanza nikamwambia asubiri, huenda nafasi ikatokea. Mara ya pili nilimwona langoni kupitia dirishani, nikamwambia askari amwambie nimetoka. Ndiyo, nilifanya hivyo. Mtoto niliyemtafutia sare.

Baada ya hapo ikaja barua ya madai. Alikuwa amepata mwanasheria wa kumsaidia bure, na sasa hoteli ilikuwa inashtakiwa katika mahakama ya kazi kule Mombasa kwa kuacha mkubwa amwonee mfanyakazi na kisha kumnyima kazi kwa kisasi. Meneja aliniita. Yeye ni mtu wa Nairobi, hajui kuzunguka.

"Mama, mimi sitaki stori mob. Huyu dem anasema alikupea barua. Ulijua ama hukujua?"

Mwanasheria wetu, yuleyule wa ukumbini, alikuwa ameketi kando yake na faili la msichana limefunguliwa mapajani. Maombi ya kazi, nakala ya kitambulisho, mkataba, onyo moja la kuvunja glasi. Nikalitazama lile onyo. Nikasikia midomo yangu ikisema, "Katika faili hakuna."

Mwanasheria akainua macho. Hakuwa mjinga. Aliishika kalamu juu ya karatasi, akingoja niongeze neno. Kama angeniuliza, "Na nyumbani kwako je?", labda ningelia palepale na kusema. Hakuuliza. Alifunga faili na kusema, "Sawa. Jibu hivyohivyo. Kama hoteli haikujua, hoteli haina kosa. Kama ilijua ikanyamaza, hapo hatuna pa kushika." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, kwamba afisa aliyepokea lalamiko na kulificha huenda akajibu mwenyewe pia. Meneja akanitazama. Nilikuwa nimebakiwa na miaka miwili nistaafu.

Watu watauliza nilikuwa nafikiria nini siku zile. Nilifikiria kila kitu isipokuwa yeye, na kila nilichofikiria nilikitia jina lake. Nikajiambia, barua ikitoka, ukurasa wa kwanza utasomwa mahakamani mbele ya watu, nitamvua nguo. Nikajiambia, Fatiha imesomwa. Nikajiambia, hoteli ikishindwa watapunguza watu, na hao nao wana watoto. Maneno mazuri yote hayo. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, basi. Nilijificha nyuma ya stara ya mtoto wa watu na kusema naishika ili asionekane yeye.

Siku ya kesi tukavuka Likoni asubuhi, mimi na meneja ndani ya gari la hoteli, kiyoyozi kinapuliza, tusisemezane. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Msichana alikuwa ameketi mbele na mamake, wote wamevaa mabuibui meusi, na mamake alipogeuka akaniona alitabasamu. Alidhani nimekuja kuwa upande wao. Sitamsahau mtu yule akitabasamu.

Msichana alieleza yote, ukurasa wa kwanza na wa pili. Hakuficha kitu. Ile aibu niliyodai namkinga nayo alisimama akaibeba mwenyewe mbele ya jaji na mbele ya karani na mbele ya watu wasiomjua, sauti haikutetemeka hata mara moja. Akasema barua alimpa mama afisa wa wafanyakazi, nyuma ya dobi. Mwanasheria wetu akamwuliza kama ana nakala. Hakuwa nayo. Aliandika moja tu.

Nikaitwa. Nikapewa Msahafu, nikaushika kwa mkono wa kulia, nikaapa kusema kweli, kweli yote. Mwanasheria wa msichana alikuwa kijana mwembamba, koti limempwaya, na aliuliza kwa heshima.

"Mama, ulipokea barua ya malalamiko kutoka kwa huyu binti?"

"Ofisini kwangu sikupokea barua," nikasema. "Katika faili hakuna."

Jaji akaandika. Wala sikudanganya, mnaona? Ofisini sikupokea. Nilipokea nyuma ya dobi, kati ya mashuka. Nilikuwa nimelitengeneza jibu lile siku tatu usiku, nikilipima neno kwa neno kama mtu anayepima vitambaa, ili nikiulizwa na Mola nipate pa kupenyea.

Yule kijana mwanasheria hakuketi. Alikunja uso. Nikaona amelikamata lile neno "ofisini", kwamba lina harufu. Akamwinamia msichana, akamnong'oneza na kuninyooshea kidole. Msichana akanitazama mimi, si yeye, akanitazama muda mrefu, kisha akatikisa kichwa. Hapana. Mwanasheria akanong'ona tena. Akatikisa kichwa tena. Basi kijana akanyooka, akasema hana swali jingine, akaketi.

Jaji akaniambia naweza kushuka. Nikasimama pale kidogo, sijui kwa nini, mkono bado uko juu ya Msahafu. Kisha nikashuka.

Hukumu ilikuja baadaye. Msichana alishindwa. Jaji alisema, kwa maneno ya kisheria, kile alichotueleza mwanasheria ukumbini: haikuthibitika kwamba mwajiri alijua. Meneja aliagiza keki kantini, akasema mama huyu ametuokoa, watu wakapiga makofi, na kapteni akanikatia kipande yeye mwenyewe na kuniletea mezani. Nikakila. Kilikuwa na karafuu.

Wa Msambweni walirudisha neno wiki ileile habari za mahakama zilipowafikia. Hawakutukana, walisema tu kijana wao ameona asubiri. Mamake msichana akaacha kuja harusini na mazishini tunapokutana watu wa rika letu. Mara moja tulikutana kwenye mlango wa zahanati, nikamsalimu, akapita kama vile hapo hapana mtu. Ningekuwa yeye ningenitemea mate.

Nimestaafu sasa. Walinipa saa ya ukutani. Kopo la biskuti liko palepale, na ile barua imeanza kukatika kwenye mikunjo, maana naifungua mara nyingi. Mwaka huu, baada ya Ramadhani, niliamua nimrudishie. Sijui nilidhani itamfaa nini. Labda nilitaka tu itoke nyumbani kwangu.

Nilisikia anauza viazi karai Kona ya Musa, mbele ya duka la vifaa vya simu. Nikamkuta mchana, amefunga leso kiunoni, anachota viazi kwenye mafuta. Amekuwa mtu mzima. Mikono yake ina alama za mafuta ya moto mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo mama," akasema. Sikutarajia hata hiyo.

"Marahaba," nikasema, na nisiweze kumwita mwanangu. Nikatoa barua mkobani nikamnyooshea. Akaitambua kabla hajaigusa. Hakushtuka. Akapangusa vidole kwenye leso, akaifungua, akasoma mistari miwili mitatu, akaikunja kama ilivyokuwa na kunirudishia.

"Kaa nayo, mama. Mimi itanifaa nini?"

"Nilikuwa nayo siku ile," nikasema. "Siku ya mahakama. Ilikuwa nyumbani kwangu."

"Najua."

"Mbona basi hukumwacha mwanasheria wako aniulize? Alitaka kuniuliza, nilimwona. Angeniuliza 'nje ya ofisi je?' ningekwisha."

Akageuza viazi kwenye karai, kimoja kimoja, mpaka vyote. Wateja wawili walikuwa wakisubiri nyuma yangu.

"Nilimkataza," akasema. "Nikamwambia usimbane mama yangu mbele za watu. Ameshika Msahafu yule. Muache, atasema mwenyewe kabla hajashuka."

Kisha akaniuliza kama nataka viazi vyangu na ukwaju au pilipili. Nikamwambia ukwaju.